Upinde Usiochoka

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa Doha. Ibada ya Kiswahili tunaifanya asubuhi, katika eneo la makanisa kule Abu Hamour, tukipokezana ukumbi na watu wa lugha nyingine. Saa yetu ikiisha tunatoka upesi ili wengine waingie. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa dini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilifundisha watoto na watu wazima waliotaka ubatizo. Sasa naishi na binti yangu, ambaye ni muuguzi, na yeye akienda zamu mimi huangalia wanawe. Namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Wazee wengi wa rika langu hawana mtu wa kuwapikia uji, na wengine uji wanao lakini hawana mtoto wa kuumwaga.

Katika miezi ya baridi, ibada ikiisha, dereva mmoja wa kwetu hunichukua na gari tukaelekea upande wa Al Wukair, kwenye shamba la tajiri wake. Tajiri huyo ni Mkatari wa makamo anayependa uwindaji kuliko kitu kingine chochote. Nyuma ya zizi lake la mbuzi kuna uwanja mrefu wa mchanga, na mwisho wake tuta kubwa la udongo. Dereva alimwambia siku moja kwamba sisi Wakamba ni watu wa upinde. Bwana yule akataka kuona, akaona, akapenda. Tangu hapo tumekuwa wageni wake. Pinde ziko kwa kibali chake na zote hulala katika kabati lake la chuma. Sisi tunafika mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu.

Sharti nieleze desturi yetu, maana bila hiyo jambo lenyewe halitaeleweka. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa kijana, na pinde zilizokuwa za kutafuta kitoweo zikawa za mashindano. Watu hugawanyika pande mbili. Hapa Doha, kwa sehemu tulizotoka nyumbani, ni upande wa Kitui na upande wa Machakos, na Waganda wawili watatu wanaojiunga huenda wanakotaka. Shabaha ni kigingi kidogo kilichosimamishwa mbele ya tuta. Upande ukishindwa unanunua mbuzi. Hayo ni ya kawaida. Lililo letu hasa ni hili: mtu akivuta upinde, wapinzani wana haki ya kumtukana.

Wanasimama karibu naye. Hawaruhusiwi kumgusa, wala kumziba macho, wala kutaja mama yake au marehemu wake. Mengine yote ni halali, kuanzia upote, ule uzi wa upinde, unapoanza kurudi nyuma hadi mshale utoke. Na yeye hapaswi kuharakisha. Anatakiwa kuushikilia ule upinde mgumu, mkono unawaka, watu wanamcheka sikioni, mpaka jicho lake litulie. Baba yangu aliniambia desturi hiyo ilitoka porini. Mnyama akiinua kichwa, mwindaji aliyekwisha kuvuta hana ruhusa ya kutikisika, hata nzi wakiingia puani. Porini kulipofungwa, alisema baba, watani walichukua kazi ya nzi.

Mimi sivuti tena, viwiko vimekataa. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tuta, pembeni, na kutangaza kama mshale umeingia. Anayekaa hapo ndiye mwamuzi, na neno lake halikatiwi rufaa. Nilipewa kiti hicho kwa sababu ya mvi, si kwa sababu ya hekima.

Mpigaji bora tuliyekuwa naye ni mlinzi wa jengo moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Kutwa nzima alisimama langoni, akifungulia magari ambayo hata majina yake hakujua kuyatamka, na wiki nzima alikuwa mtu wa kusema "good morning" na "welcome". Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Baba yake alichonga pinde, na yeye alivuta upinde kama mtu anayefungua dirisha la chumba chake mwenyewe. Yeye alikuwa wa Kitui. Dereva alikuwa wa Machakos, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mshale wowote uwanjani. Wawili hao walikuwa burudani yetu.

"Jamani, mlinzi amevuta!" dereva alikuwa akipaza sauti. "Fungueni geti, mshale unataka kupita!"

Mlinzi alishikilia. Upote ulikuwa shavuni.

"Mnaona jicho hilo? Ndilo linalolinda majengo ya matajiri. Wezi wote wa Doha walale salama!"

Mabega ya mlinzi yalianza kutetemeka kwa kicheko alichokibana, na bado alishikilia, na bado mshale uliingia. Kisha aligeuka polepole, akamwambia dereva, "Kaka, mbuzi nampenda mwenye mafuta." Watu walianguka mchangani kwa kucheka.

Katika msimu wa joto, tulipokuwa hatupigi, aliteleza kwenye ngazi za bweni lao. Alikuwa amevaa ndala zilizolowa, amebeba ndoo ya nguo. Aliangukia bega la kulia. Alipasuliwa na kutunzwa vizuri, na kazini walimhamisha kutoka langoni wakamkalisha mbele ya skrini za kamera, mshahara uleule. Nilimwambia tumshukuru Mungu, naye akashukuru kweli. Lakini daktari alimwambia kwamba mkono ule utachana nywele na kubeba sahani, upinde hautavuta tena. Binti yangu alinieleza nyumbani: kilichoshonwa ndani ya bega ni kama kiraka juu ya nguo kuukuu; ukivuta kwa nguvu, nguo yenyewe ndiyo itakayochanika.

Msimu ulipofunguliwa alikuja. Alikaa chini karibu na kiti changu na kuwakusanyia wengine mishale. Kila aliyepita alimwambia, "Pole, ndugu." Dereva naye alisema pole. Kwa Ijumaa kadhaa nilimtazama akisikiliza matusi ya watu wengine kule mwanzo wa uwanja, ameelekeza sikio kama mtu anayesikia harusi ya jirani.

Mwenye shamba naye aliona. Siku moja akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kitambaani. Ulikuwa upinde mfupi wa chuma uliolazwa juu ya kitako cha bunduki, wenye triga. Alizungumza Kiarabu, na dereva akatutafsiria.

"Anasema huu unavutwa mara moja, unajifunga, halafu unakaa hivyo hata kutwa. Mtu analenga tu na kubana. Anasema ndugu yetu autumie."

Watu wakausogelea. Kijana mmoja wa Machakos, mpishi wa hoteli, akaupima mkononi na kutikisa kichwa.

"Hii ni bunduki iliyonyimwa baruti."

"Ina upinde, ina upote, inarusha mshale," akasema mmoja wa Kitui. "Unataka iwe na nini tena, cheti cha kuzaliwa?"

"Upinde unashikiliwa na mtu. Huu unajishikilia wenyewe. Leo mtambo, kesho ataleta darubini, keshokutwa atapiga shabaha akiwa nyumbani, kwa simu."

"Wewe unaogopa kununua mbuzi."

"Mimi naogopa kucheka mashine!"

Mwenye shamba aliuliza wanabishania nini, akaelezwa, akacheka sana. Dereva akatafsiri tena. "Anasema huko Amerika alikokwenda kuwinda kuna msimu wa pinde, halafu ndio wa bunduki. Na wenyeji wanagombana vilevile. Wengine wanataka huu mtambo uingizwe katika msimu wa pinde, wengine wanasema utaharibu msimu wote. Lakini mahali pengine mzee au mtu aliyeumia mkono hupewa ruhusa."

Kisha wote wakanigeukia mimi. Mlinzi hakuniangalia. Alikuwa akipangusa mchanga kwenye mshale ambao haukuwa na mchanga.

Nilijua hoja ya mpishi ni ya kweli. Upinde ule haukuwa wa msimu wetu, kwa sababu hauchoki, na msimu wetu wote umejengwa juu ya mtu kuchoka mbele ya wenzake. Lakini maisha yangu yote nilifundisha kwamba sheria iliwekwa kwa ajili ya mtu. Ningewezaje kumfungia mtu mlango kwa jina la kigingi? Nikasema kwa sauti: kwa ndugu huyu, kwa ajili ya bega lake, unaruhusiwa. Upande wa Kitui wakashangilia. Mpishi akainamisha kichwa, maana neno la mwamuzi halikatiwi rufaa.

Kuuvuta mtambo ule kulihitaji mikono miwili mizima. Dereva ndiye aliyejitolea. Aliukanyaga chini, akavuta upote mpaka ukajifunga, akamkabidhi mpinzani wake upinde ulio tayari. Mimi nilikuwa kule mbali kwenye kiti changu, nikaona mlinzi akiuinua na kuuegemeza kwenye bega zima la kushoto. Watu wa Machakos wakamsogelea kama ilivyo haki yao. Dereva akafungua kinywa.

"Aa..." akasema. Akafunga kinywa.

Kitu cha kutukana hakikuwapo. Mkono haukutetemeka, upote haukulia. Na kila tusi lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa linapita kwenye bega lile lililopasuliwa. Mlinzi alikaa hivyo, jicho kwenye shabaha, muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kutoka nilipokuwa niliona wazi kwamba hakuwa akilenga. Alikuwa akisubiri. Mwishowe alibana triga, kigingi kikapasuka.

"Umeingia!" nikatangaza.

Watu walipiga makofi, makofi ya adabu, kama ya mkutano wa wazazi shuleni. "Hongera, ndugu," dereva akamwambia.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Hakukosa hata mara moja, na Kitui wakala mbuzi wa Machakos mfululizo, na nyama ile ililiwa kimya. Nilimwombea. Niliwaombea wote. Siku moja tukirudi mjini nilimwambia dereva, "Mwanangu, mtanie kidogo. Kama zamani."

"Mzee, nimtanie nini?" Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Nilijaribu juzi, nikamwambia mtambo wako una njaa. Akacheka kunisaidia. Umewahi kuona mtu akikuchekea ili usione aibu? Ni bora angenitemea mate."

"Jaribu tena."

"Wewe unaweza kuniamuru nisimame hapa barabarani nami nitasimama. Utani hauamriwi, mzee."

Ruhusa nilikuwa nimeitoa kwa neno moja, na sasa niliona kwamba niliyompa ruhusa nilikuwa nimempa kiti tu, kiti cha pembeni kama changu, ila chenye triga.

Msimu ulipokaribia kwisha mlinzi alinifuata penye jagi la maji. Alisubiri nimalize kunywa, kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, naomba ufute ile ruhusa."

"Nikiifuta utakaa chini."

"Sitakaa chini. Nitavuta upinde."

"Daktari amekukataza. Binti yangu ameniambia kitakachotokea."

"Najua. Nami daktari ameniambia." Akatabasamu. "Mzee, unajua wananiambia nini kila nikiushika ule mtambo? Hongera. Kazini kutwa naambiwa asante na hongera na watu wasionijua. Huku nilikuwa nakuja kutukanwa na wanaonijua."

Nilimwambia mkono ni amana ya Mungu. Alikubali. Nilimwambia bado anapendwa. Alikubali hilo pia. Kila nililosema alilikubali, na hakuna lililomsogeza hata kidogo. Mwishowe nikasema nitaliombea jambo hilo, na yeye akasema, "Ahsante, mzee," kama mtu anayepokea risiti.

Niliomba wiki nzima. Nimezoea kungoja majibu. Si kila dua hujibiwa siku ileile, na nilikwisha kuwafundisha wengi hivyo. Nilimweleza binti yangu, naye akasema, "Baba, mwambie ni hapana. Wewe si ndiye mwamuzi?" Nikamwambia mwamuzi huamua kama mshale umeingia. Akaniangalia kwa huruma na kwenda kazini.

Ijumaa ya mwisho kabla ya joto, nilikuwa tayari nimekaa kwenye kiti changu kule kwenye tuta. Zamu ya Kitui ilifika. Nilimwona dereva akiinama kuchukua mtambo ili auvute, na nikamwona mlinzi akimpita, akienda kwenye kabati, akitoa upinde wa mti. Nilisimama. Nikainua mkono. Labda walidhani ninawaambia kigingi kiko tayari.

Aliushika kwa mkono wa kushoto. Akaweka mshale. Kwa ule mkono wa kulia akaanza kuvuta. Upote ulirudi nyuma kidogo, ukasimama, ukarudi kidogo tena, haukufika hata nusu. Nilianza kutembea. Mchanga ni mgumu kwa magoti yangu, na sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Uwanja wote ulikuwa kimya, kwa hiyo nilisikia vizuri alichosema, meno yakiwa yamebana.

"Mbona mmenyamaza? Nimevuta."

Akaongeza sauti.

"Machakos! Nimevuta! Mmekufa?"

Ndipo dereva aliposogea. Niliona uso wake. Alisimama mahali pake pa zamani, karibu na sikio, akavuta pumzi.

"Huko ndiko kuvuta?" akasema. "Huko ndiko kuvuta? Kuku anavuta utumbo kuliko hivyo!"

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kushtuka.

"Huo mkono visa yake iliisha zamani! Uko hapa kimagendo! Jamani, nani atamwambia arudishwe kwao?"

"Hana tikiti!" akapaza mpishi.

"Atarudi kwa miguu! Muoneni, anatetemeka kama friji kuukuu ya bweni! Funga mlango, maziwa yataharibika!"

Sasa wote walikuwa juu yake, Machakos nzima, wakipiga mapaja, wakipokezana, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka waziwazi, na yeye alikuwa amefunga mdomo kwa kicheko, machozi yanamtoka, na alikuwa akishikilia. Alishikilia. Nami nilikuwa nimekwisha kuwakaribia, bado nikitembea, ninasema "acheni, acheni," na sijui hata leo kama nilikuwa nikiwaambia wao au ninamwambia yeye. Mshale ukatoka. Uliruka hatua chache tu, ukajilaza mchangani mbele ya viatu vyangu.

"Umemkosa mzee!" dereva akapiga kelele. "Hata mzee mzima umemkosa!"

Kicheko kilichofuata sijakisikia tangu nilipokuja nchi hii. Katikati yake mlinzi aliachia upinde, akapiga magoti taratibu, akashika bega kwa mkono wa kushoto. Kwa muda waliendelea kucheka, wakidhani naye anacheka. Na kweli alikuwa anacheka. Kisha rangi ya uso wake ikabadilika, na wakaona.

Dereva alimbeba kama mtoto mpaka kwenye gari. Nilikaa nyuma, kichwa cha mlinzi mapajani mwangu. Njia nzima aliuma kola ya shati lake. Mara moja tu aliiachia. "Mzee," akasema, "umesikia ile ya friji?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Ile ilikuwa nzuri," akasema, akaiuma kola tena.

Hospitalini walimchukua ndani. Binti yangu alikuwa zamu, jengo lingine, lakini alipopata habari alikuja. Aliuliza kilichotokea, nikamweleza, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, maana nilimlea hivyo.

"Baba, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akaingia kuzungumza na madaktari. Aliporudi alituambia kwamba kiraka na nguo vyote vimechanika, kwamba watajaribu tena, na kwamba safari hii hawamwahidi hata kuchana nywele. Kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Tukabaki mimi na dereva kwenye viti vya ukutani. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti. Alikaa hivyo hadi mhudumu akapita mara mbili na mopu mbele ya miguu yetu. Halafu akainua kichwa.

"Mzee, nimemkosea au nimemsaidia? Wewe umesoma dini. Niambie."

Nilifungua kinywa. Majibu nilikuwa nayo, mengi, ya kila upande, niliyokuwa nikiwapa watu kwa miaka, na nilijaribu moja baada ya jingine, nikaona hakuna linalotoshea. Nikamwambia gari ameliacha mahali pa ambulensi, aende alisogeze. Akasimama, akaenda.